Fuvu, Jeni na Tarehe ya Kutoka
Mhadhara kwa wasikilizaji wa Kiswahili, Matonge, Brussels

  

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo siku hizi huulizwa kwa maneno ya maabara: je, uhalifu umo katika jeni? Umo katika ubongo? Nitasema mapema ninachokiamini, ili anayetaka kunibishia apate muda wa kujiandaa. Naamini mwili unahusika katika uhalifu kama unavyohusika katika kila afanyalo binadamu. Lakini tangu elimu hii ilipoanza kuingia gerezani na mahakamani, mambo mawili yameamua matokeo yake kuliko kipimo chochote: nani anachaguliwa apimwe, na akishapimwa atatoka lini. Mji huu tunaokaa una historia ndefu ya mambo hayo mawili, na sehemu ya historia hiyo inatuhusu sisi kwa majina.

Tusianze na Wazungu, tuanze barazani kwetu. Posa inapoletwa, kabla mahari haijatajwa, wazee humtuma mtu akaupeleleze ukoo. Kuna kifafa? Kuna wazimu? Yule ami yake aliyefungwa, alifungwa kwa kosa gani? Tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mdomo huo huo husema samaki mkunje angali mbichi, wala hakuna anayeona kwamba methali hizi mbili haziwezi kulala chumba kimoja. Ya kwanza tunaitumia kwa watoto wa jirani, ya pili kwa watoto wetu. Kwa hiyo tukimsikia daktari wa Kiitaliano akisema kwamba mwizi huzaliwa mwizi, tusijifanye tumeshtuka sana.

Daktari huyo ni Cesare Lombroso. Alipolichunguza fuvu la mtu aliyeitwa Villella, mkulima wa Calabria aliyekuwa amefungwa kwa wizi, aliona kishimo nyuma ya fuvu ambacho kwa kawaida huonekana kwa wanyama wa chini. Kutokana na kishimo hicho akajenga nadharia nzima: kuna watu waliozaliwa wahalifu, mabaki ya zama za kale, na unaweza kuwatambua kwa taya, masikio, paji la uso, mikono mirefu. Kitabu chake kuhusu mtu mhalifu kilitoka mwaka 1876. Kumbukeni Calabria ilikuwa wapi wakati huo: kusini mwa Italia, nchi ya maskini iliyounganishwa na ufalme mpya kwa nguvu, jeshi la kaskazini likiwa limetoka tu kuwasaka watu wake na kuwaita majambazi. Fuvu lililoipa dunia nadharia ya mhalifu wa kuzaliwa lilitoka upande ulioshindwa. Watu wa kijiji chake walikuja kwenda mahakamani kulidai. Mwaka 2012 wakapewa haki, mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikawanyima. Limo bado katika jumba la makumbusho la Lombroso mjini Turin.

Mwaka huo huo wa 1876, mwezi Septemba, Mfalme Leopold wa Pili aliwakusanya wanajiografia na wapelelezi katika kasri lake, hapa Brussels, mwendo wa miguu kutoka ukumbi huu. Katika mkutano huo ilizaliwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyotuma misafara kupitia Zanzibar na Tabora hadi Ziwa Tanganyika. Karema, ambayo leo iko mkoa wa Katavi, ikawa kituo chao mwaka 1879. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms akavuka ziwa na kujenga kituo cha Mpala, upande ambao leo ni Kongo. Huko akakutana na mtemi aliyeitwa Lusinga. Lusinga hakuwa malaika: aliuza watu, akanunua bunduki, na majirani walimwogopa. Storms naye alitaka kuogopwa peke yake. Tarehe 4 Desemba 1884 askari wake wa kukodi, rugaruga, wakaingia katika boma la Lusinga na kumuua. Kichwa chake kilikatwa. Storms alipoondoka mwaka 1885 alikibeba pamoja na vingine viwili, na mwaka 1886 fuvu la Lusinga likawa mezani kwa wanachama wa Chama cha Anthropolojia cha Brussels. Aliyelipima ni daktari Émile Houzé.

Lishikeni jina hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena baada ya miaka sita.

Mwezi Agosti 1892, Brussels ilipokea mkutano wa tatu wa kimataifa wa anthropolojia ya jinai. Wa kwanza ulifanyika Roma mwaka 1885, wa pili Paris mwaka 1889. Paris kulikuwa na ugomvi mkubwa. Wafaransa walimwambia Lombroso kwamba amewapima wafungwa bila kuwapima watu wema. Na kama hukuwapima watu wema, utajuaje kwamba masikio makubwa ni ya wezi tu? Ikakubaliwa iundwe kamati ya kulinganisha wahalifu mia na watu wema mia. Kamati hiyo haikufanya kazi. Waitaliano wakakasirika, wakasusia, na mkutano wa Brussels ukafanyika bila Lombroso na wenzake.

Ubelgiji haikuwa mgeni katika mambo haya. Mwaka 1881 Paul Héger na Jules Dallemagne wa Chuo Kikuu cha Brussels walikuwa wamechapisha uchunguzi wa mafuvu ya wauaji waliouawa kwa hukumu ya mahakama. Na katika mkutano wa 1892, Houzé, yule yule wa fuvu la Lusinga, pamoja na mwenzake Warnots, walitoa ripoti juu ya swali hili: je, ipo aina ya mhalifu inayoweza kutambulika kwa umbile? Jibu lao lilikuwa hapana. Walisema mhalifu wa Lombroso ni mchanganyiko wa alama zilizookotwa huku na huko na kushonewa mtu mmoja ambaye hayupo.

Nalipenda jibu hilo. Ni jibu la mwanasayansi. Lakini siwezi kulisoma bila kukumbuka meza ya 1886. Kwa mhalifu wa Ulaya, Houzé aliuliza kama vipimo vya mifupa vinathibitisha lolote juu ya tabia ya mtu. Kwa vichwa vya Tanganyika, kazi yake ilikuwa kuvipanga katika makundi ya watu. Na aliyeagiza vichwa hivyo vikatwe hakupimwa fuvu na mtu yeyote. Alichongewa sanamu, ikasimamishwa Square de Meeûs, hapa jirani, ikakaa hapo hadi ilipoondolewa mwaka 2022. Fuvu la Lusinga lilihifadhiwa Tervuren, kisha katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia. Sheria ya Ubelgiji ya 2022 kuhusu kurudisha mali iliyochukuliwa wakati wa ukoloni iliacha nje mabaki ya binadamu.

Sasa tugeukie swali la tarehe ya kutoka, kwa sababu hapa Brussels ndipo palipotokea jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Lombroso alishindwa mwaka 1892, lakini walioshinda hawakulitupa wazo lake. Walilibadilisha nguo.

Kiongozi wao alikuwa Adolphe Prins, profesa wa sheria na mkaguzi mkuu wa magereza ya Ubelgiji. Hakuwa mtu mkatili. Aliuona umaskini wa kazi za viwandani, aliona vijana wakiingia gerezani kwa kuiba mkate na kutoka wakiwa wamefundishwa kuvunja kasiki. Waziri wa sheria Jules Le Jeune, katika zama hizo hizo, alipitisha sheria ya 1888 iliyoruhusu kifungo cha nje na kuachiliwa kwa masharti, jambo geni barani Ulaya wakati huo. Lakini Prins aliuliza pia swali la upande wa pili: na yule ambaye hawezi kubadilika? Yule mwenye akili pungufu, mlevi sugu, mwizi wa mara kumi? Jibu lake, alilolieleza kikamilifu katika kitabu cha 1910, liliitwa ulinzi wa jamii. Hakimu asitazame kosa tu. Amtazame mtu, na apime hatari iliyomo ndani yake. Na hatari, tofauti na kosa, haina mwisho unaojulikana. Kosa la kuiba kuku unaweza kulipa kwa miezi mitatu. Hatari ya kuiba kuku unailipa hadi lini?

Katika miaka hiyo hiyo akatokea daktari Louis Vervaeck. Mwaka 1907 alifungua maabara ya anthropolojia katika gereza la Minimes hapa mjini, kisha akahamia gereza jipya la Forest. Mfungwa alivuliwa nguo, akapimwa, akaulizwa juu ya baba mlevi na mama mwenye kifafa, michoro ya ngozi yake ikaandikwa. Mwaka 1920 serikali ikaifanya kazi hiyo kuwa idara rasmi ya magereza yote. Waziri wa sheria wakati huo alikuwa Émile Vandervelde, msoshalisti, mtu ambaye mwaka 1909 alisafiri hadi Léopoldville kumtetea mahakamani mmisionari mweusi William Sheppard aliyeshitakiwa na kampuni ya mpira ya Kasai. Nalisema hili makusudi. Tungependa historia hii iwe na watu wabaya wa kuwanyooshea kidole, lakini walioijenga walikuwa wema kiasi cha kutosha, na waliijenga kwa nia ya kutibu.

Tarehe 9 Aprili 1930 ikapitishwa sheria ya ulinzi wa jamii dhidi ya watu wasio wa kawaida na wahalifu wa mazoea. Mtu aliyekutwa hana akili timamu hakuhukumiwa. Aliwekwa kizuizini miaka 5, 10 au 15 kulingana na kosa, na muda huo uliweza kuongezwa. Sheria ya tarehe 1 Julai 1964 ikaondoa hata hizo namba. Akabaki bila muda. Wengi wa waliozuiliwa hivyo hawakupata hospitali. Waliwekwa katika wodi za magereza, wakisubiri daktari asiyefika na kitanda ambacho hakikuwepo.

Tarehe 6 Septemba 2016 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kesi ya mtu aliyekuwa amekaa zaidi ya miaka tisa katika wodi ya gereza la Merksplas bila matibabu yanayofaa. Majaji walisema tatizo si la mtu mmoja, ni la mfumo mzima, wakaipa Ubelgiji miaka miwili kulirekebisha. Sheria mpya, iliyopitishwa 2014, ilianza kutumika Oktoba 2016. Sasa kesi ya kila aliyezuiliwa lazima irudi mbele ya majaji angalau mara moja kwa mwaka. Vituo maalumu vya matibabu vilifunguliwa Gent mwaka 2014 na Antwerpen mwaka 2017. Miaka themanini na zaidi tangu 1930, hiyo ni safari ndefu kwa jambo dogo kama tarehe ya kurudi mbele ya hakimu.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba elimu ya ubongo na jeni itawafanya mahakimu wawe wapole, mwulize: wapi? Ugonjwa humwondolea mshitakiwa lawama, na kwa mkono huo huo humwondolea siku ya kutoka.

Tuje kwenye jeni. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha habari za ukoo mmoja ambao wanaume wake kadhaa walikuwa na akili iliyodumaa kidogo na vurugu za ghafla: mmoja alijaribu kubaka, wengine walichoma moto nyumba. Ukoo wenyewe uliomba msaada. Wanawake wake walitaka kujua kama watazaa watoto wa kiume wa namna hiyo. Ilionekana kwamba wagonjwa wote waliopimwa walikuwa na jeni iliyoharibika kabisa, ile inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja kemikali za ubongo. Jeni hiyo huitwa MAOA. Hitilafu hiyo kamili ni adimu mno duniani, na Brunner mwenyewe alikataa iitwe jeni ya ukatili. Magazeti hayakumsikiliza. Katika jimbo la Georgia, Marekani, mawakili wa muuaji mmoja waliomba mteja wao apimwe, mahakama ikakataa, akauawa mwaka 2005.

Kisha mwaka 2002 ukaja utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliowafuata watoto elfu moja na kidogo waliozaliwa 1972 na 1973. Huu nauheshimu. Wavulana waliokuwa na aina dhaifu ya MAOA na waliopigwa au kudhulumiwa utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wakorofi na wahalifu. Waliokuwa na aina hiyo hiyo lakini wakalelewa kwa usalama hawakuwa wakorofi kuliko wengine. Aina hiyo dhaifu si ajabu ya ukoo mmoja. Karibu theluthi ya wanaume wa Ulaya wanayo. Ukiipima katika tramu namba 92 asubuhi, theluthi ya wanaume waliosimama humo, pamoja na dereva labda, utawakuta nayo, na wote wanakwenda kazini.

Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilikuwa na kesi ya Mwalgeria aliyemchoma kisu na kumuua mtu aliyemdhihaki kwa sababu alikuwa amepaka wanja machoni. Wataalamu walipima jeni zake, wakakuta ile dhaifu. Jaji akampunguzia mwaka mmoja. Baadhi ya Waafrika waliosoma habari hiyo walifurahi. Nadhani walifurahi upesi mno. Mwarabu, mhamiaji, mgonjwa wa akili, na sasa imeandikwa katika hukumu kwamba damu yake ina hasira. Huo mwaka mmoja aliulipia kwa bei kubwa, na bei hiyo hakuilipa peke yake. Utafiti wa Marekani wa 2012 uliwapa majaji 181 kesi ya kutunga ya mtu katili asiye na huruma. Waliopewa maelezo ya kibiolojia juu ya ubongo wake walitoa wastani wa miaka 12.83, wasiopewa 13.93. Mwaka mmoja tena. Lakini baadhi ya majaji hao walisema pia kwamba mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa siku za mbele. Katika nchi yenye kifungo cha miaka inayohesabika, hofu hiyo huishia hapo. Katika nchi yenye kizuizi kisicho na muda, hofu hiyo ndiyo hukumu.

Zamani kidogo kulikuwa na hadithi ya kromosomu Y ya ziada, iliyoanzia hospitali ya ulinzi ya Carstairs, Scotland, mwaka 1965. Watafiti wakipima Denmark, mwaka 1976 ikaonekana kwamba wanaume hao hawakuwa wakatili kuliko wengine. Ilipita. Ningeongeza tu kwamba Y moja ya kawaida inatosha kuwaletea magereza wageni wake wengi, na bado hakuna aliyependekeza wanaume wote tuwekwe kizuizini kwa tahadhari.

Kuna jambo lililotokea hapa Brussels ambalo kila ninapolifikiria naona nadharia zote zinatetemeka. Tarehe 22 Machi 2016 mabomu yalilipuka katika uwanja wa ndege wa Zaventem na kituo cha metro cha Maelbeek. Watu 32 waliuawa. Miongoni mwa waliojilipua walikuwamo ndugu wawili wa tumbo moja, na watu wengi wakanong'ona: damu. Lakini mlipuaji mwingine wa Zaventem, Najim Laachraoui, alikuwa na mdogo wake. Mwezi Mei mwaka huo huo, siku zisizofika sitini baada ya mlipuko, mdogo huyo alisimama Montreux, Uswisi, akiwakilisha Ubelgiji katika taekwondo, akatwaa dhahabu ya Ulaya. Baba mmoja, mama mmoja, nyumba moja. Ndugu hugawana nusu ya jeni zao, na hugawana pia chumba, mtaa, simu, marafiki na ukimya wa mezani. Wakifanana, huwezi kusema ni kipi kilichowafananisha. Wakitofautiana hivi, mwenye haki ya kuzungumza kwa uhakika simjui.

Msidhani nasema ubongo hauna lake. Mzee aliyeheshimika miaka sabini akaanza kuiba dukani na kuwashika wanawake wasio wake, mpelekeni hospitali kabla ya polisi. Yapo maradhi ya uzeeni yanayokula sehemu ya mbele ya ubongo na kuacha kumbukumbu salama. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwalimu mmoja aliyeanza kuwatamani watoto. Alikuwa na uvimbe mbele ya ubongo. Ulipotolewa, tamaa ikaondoka, uliporudi, ikarudi. Daktari akiona hivyo, ana haki ya kusema sababu ni hii. Lakini kesi za namna hiyo ni chache, na sifa yake ni kwamba mtu amebadilika ghafla. Kijana anayeshitakiwa baada ya maisha yale yale ya kila siku hana kabla na baada ya kupigwa picha.

Mashine zinazopima ubongo zimeanza kutabiri. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwafuata wafungwa 96 wa New Mexico baada ya kuachiliwa. Wale ambao sehemu fulani ya mbele ya ubongo ilifanya kazi kidogo walikuwa na uwezekano wa kama mara mbili wa kukamatwa tena katika miaka minne. Someni vizuri neno hilo: kukamatwa. Nyinyi mnaotembea Chaussée d'Ixelles usiku mkiwa na kofia kichwani mnajua kwamba kukamatwa hakuanzi katika ubongo wa anayekamatwa peke yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeshapitia somo hili, na walimu wetu walikuwa Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari na F. W. Vint wa maabara ya serikali walisema wamepata sababu ya unyonge wa Mwafrika. Vint alipima ubongo wa Wakenya mia moja waliofariki, akadai mtu mzima wao amesimama pale alipofika mvulana wa Kizungu wa miaka saba au minane. Mwaka 1933 walowezi wakaunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari. Kisha akaja J. C. Carothers, aliyeongoza Mathari kuanzia 1938. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa mishipa ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake mwaka 1953. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya Kenya ikamwita aeleze kwa nini Wakikuyu wanaapa na kuua. Akaandika kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau. Ardhi iliyochukuliwa ilikuwamo pembeni; akili ya Mkikuyu ilikuwa katikati. Zaidi ya watu milioni moja wakahamishiwa vijiji vyenye mitaro na walinzi. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961, akimweka pamoja na madaktari wa Algiers waliosema Mwalgeria huua kwa maumbile. Fanon alikuwa daktari wa akili, aliwatibu watesaji na walioteswa katika hospitali moja, na alijua mahali pa kutafuta sababu.

Na kama kweli tunataka biolojia, ipo ya kutosha karibu nasi. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto. Humpunguzia akili na uwezo wa kujizuia. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwamwagia watu risasi hiyo kwa miaka. Phyllis Omido aliyeongoza mapambano yao alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya fidia hiyo kufutwa katika rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hapo kuna ubongo uliodhuriwa, sababu inayopimika na mkosaji anayejulikana. Sijasikia mtu aliyependekeza kumpima kichwa mwenye kiwanda.

Namalizia na sheria za nyumbani, kwa sababu humu ukumbini wamo wanafunzi wa sheria, wakalimani wa mahakama, na wengine ambao siku moja watakuwa wabunge. Nchini Kenya, kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kilimweka mtu aliyeua akiwa hana akili timamu kizuizini kwa ridhaa ya Rais. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wameandika kwamba utaratibu huo unakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa mtu anafungwa bila muda na bila mahakama. Tanzania, watu wa aina hiyo hupelekwa Isanga, Dodoma. Maneno ya sheria hizi tuliachiwa na Waingereza, lakini matokeo yake Mbelgiji wa Merksplas angeyatambua mara moja.

Mashine za kupima ubongo zitafika Nairobi na Dodoma, na wataalamu wa jeni wataitwa kizimbani kutoa ushahidi; wengine watakuwa wanafunzi wenu. Kabla hawajafika, andikeni sheria. Kila anayezuiliwa kwa sababu ya ugonjwa arudi mbele ya hakimu kila mwaka. Awe na wakili. Awe na daktari wa pili asiyelipwa na gereza. Akae hospitali, si mahabusu. Na serikali ikishindwa kumtibu, ikose haki ya kumshika.

 Maswali sasa, na tuanze na waliokaa nyuma.